Kaseti Niliyoiita Tupu

Tusekile mwanangu,

Ugonile. Naanza na salamu ya bibi yako kwa sababu ya kwangu sijui niianzie wapi. Tunaishi nyumba moja, tunachota maji kwenye ndoo moja, na tangu harusi yangu tunapitana ukumbini kama wapangaji wanaodaiana umeme. Kesho asubuhi unaondoka Ilomba kwenda Ipogolo, kule Iringa, kuanza kazi, na tukiendelea hivi tutaagana kwa kupeana mikono. Kwa hiyo nimesogeza sare za watu pembeni, nimekaa hapa kwenye meza ya cherehani, naandika. Wewe uko kwa Shangazi Sekela unaaga. Mvua imeanza. Mume wangu Kalinga yuko nje ndani ya gari, tochi mdomoni, anakaza skrubu za mwisho.

Najua ukiona jina lake tu utataka kukunja karatasi. Usikunje, mama. Nivumilie kama nilivyokuvumilia ulipokuwa na miaka mitatu, ukitaka kuvaa viatu vya mvua kanisani.

Habari za kuangalia maji ya rejeta, za kufunga chumba, za kuchagua marafiki, sitaandika. Unazijua, na nyingine ulinifundisha wewe. Nataka kuandika jambo moja tu. Umesema utapanda basi. Gari la baba yako, ambalo ni lako tangu siku tulipomaliza tanga lake, unaliacha hapa uani kwa sababu, kwa maneno yako mwenyewe, hutaki gari lenye mtu ndani. Gari si kitu, Tuse. Likikaa, kuku watatagia humo. Kinachoniogopesha ni wewe kuondoka ukiamini kwamba baba yako alinikataza kuolewa, na mimi nikamzima kama redio.

Niruhusu nianze na furaha, kwa sababu hata hiyo sijapata nafasi ya kukuambia, na inanijaa mpaka inamwagika kwenye nguo za wateja. Mama yako anapenda, mwanangu. Napenda kama msichana wa kidato cha pili aliyeandikiwa kikaratasi. Nikisikia geti, moyo unakimbia kabla ya miguu. Juzi nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, mwenye shati akaniuliza, "Mama Tuse, unaumwa?" Nikamjibu, "Naumwa, na sitaki kupona." Nakuandikia haya nikiona haya, lakini nayaandika.

Unakumbuka ile redio ya gari. Ilikuja kutoka Japani pamoja na gari lenyewe, na haikuwahi kukubali kwamba sasa iko Mbeya. Ukiwasha, inakusalimu kwa Kijapani. Namba zake zinaishia tisini, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya tisini, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kukoroma. Baba yako alikuwa akisema, "Huyu ni mgeni, tusimlazimishe ugali." Akawa anaweka kaseti zake za kwaya, basi. Alipofariki, miaka sita iliyopita, nikazitoa kaseti zote nikazifungia kwenye kopo la biskuti chini ya cherehani. Nikaendesha gari kimya. Ulikuwa unakaa pembeni yangu, hukuniuliza.

Siku nilipokwenda Uyole kutafuta waipa, nilisimama kwenye kibanda cha spea kuukuu, pale malori yanapoegeshwa. Mwenye kibanda, ndiye Kalinga, akaingiza mkono dirishani, akawasha redio bila ruhusa, akasikiliza ule mkoromo, akasema, "Mama, redio yako inaogopa kuvuka tisini."

Sijui nani alinijibia. "Na wewe unaogopa nini?"

"Naogopa ukishapata waipa hutarudi."

Nilirudi, Tuse. Nilirudi kununua waipa ya pili wakati ile ya kwanza ilikuwa haijaona mvua. Nilirudi kununua kioo cha pembeni ambacho hakikuwa kimevunjika. Mwishoni akaniambia, "Mama Tuse, ukiendelea hivi utakuwa na gari mbili. Si bora nije mimi mwenyewe?" Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kibanda. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko kina uzito wake na mtu anaweza kuegemea kitu kwa sababu yake.

Basi ilipokaribia harusi, Kalinga akataka bibi harusi wake aingie Uyole na nyimbo. Nyimbo zenyewe ziko kwenye simu, na redio haina tundu la simu. Wewe ulisema, "Mama, si mnunue redio mpya." Ulikuwa na akili. Mimi nilikataa. Kitufe cha sauti cha ile redio kimelika upande mmoja kwa kidole gumba cha baba yako, na nilikuwa sitaki kumpa mtu mwingine kile kitufe. Ndivyo nilivyo: nataka kuolewa, na nataka kitufe kibaki.

Kalinga akajaribu njia za bei rahisi. Kwanza kale kadude ka kuchomeka kwenye kiberiti cha sigara, kanakorusha wimbo kwenye masafa ya redio. Kakakoroma kuliko redio yenyewe. Halafu ile kaseti ya uongo yenye waya mkiani. Redio ikaitafuna kidogo, ikaigeuza, ikaitema. Ilipotemwa mara ya tatu Kalinga akaiambia redio, "Shemeji, kwani nimekukosea nini?" Ulicheka siku ile. Nilikuona kwenye kioo. Ulikuwa unacheka naye, Tuse, kabla ya mambo haya yote.

Ndipo akaifungua. Akaniita, tukainamia wote wawili ndani ya mlango wa gari kama watu wanaochungulia kisima. Akanionyesha nyaya nyembamba ambazo sauti ya kaseti inapitia kwenda kwenye spika. Akasema akiunga hapo waya wa hedifoni za zamani, simu itaimba kwa mdomo wa kaseti. Sharti ni moja: redio ile haifungui njia mpaka ione kaseti inazunguka. Lazima idanganywe kwamba kuna anayeimba.

"Una kaseti tupu?" akaniuliza.

Nikaenda kwenye kopo la biskuti. Zote zina mwandiko wa baba yako, isipokuwa moja. Hiyo haikuwa imeandikwa neno hata moja. Tukaiweka, tukasikiliza. Hewa tu, shhhh, kama mvua iliyo mbali. Tukasikiliza kitambo, hakuna kitu.

"Tupu," nikasema.

Ni mimi niliyesema. Si Kalinga. Nataka ulijue hilo kabla hujaendelea.

Kisha akashika koleo, akanyoosha mkono kwenye zile nyaya za zamani ili azikate kwanza, ndipo aunge za kwake. Akasimama. Akaniuliza, "Nyaya hizi aliwahi kuzishika marehemu?" Nikamwambia nadhani aliwahi kuzifunga upya zilipochomoka. Akarudisha koleo mfukoni. "Basi sizikati. Nitaunga juu yake."

Huko Iringa unakokwenda, kwao Kalinga, kwenye ukoo wao, nguo ya marehemu haikatwi. Ikiwa ndefu unaikunja. Mimi ni fundi, nimeyaona hata hapa Ilomba: kijana anakuja na koti la marehemu baba yake limemfika magotini, ukimwambia nipunguze anakutazama kana kwamba umetukana. Kalinga akaona adabu ni hiyo hiyo hata kwa waya. Akachubua kidogo, akaunga juu, akaacha njia ya baba yako ikiwa wazi chini ya njia yake. Nikampenda zaidi kwa hilo. Nilimbusu hapo hapo mlangoni mwa gari, majirani wakiona.

Na kosa letu lote ndilo hilo, Tuse. Hatukukata. Nyimbo zetu zikawa zinapita juu, na chini yake kaseti niliyoiita tupu inazunguka, inajigeuza upande, inazunguka tena.

Siku ya harusi huhitaji kusimuliwa, lakini nataka uione kutoka kiti cha nyuma. Wewe ndiye ulikuwa dereva wa kutupeleka ukumbini. Shangazi Sekela mbele, mimi na Kalinga nyuma, mikono yetu imeshikana chini ya shela ili usiione. Uliendesha vizuri mno. Nilikuwa naangalia kisogo chako na nywele ulizosuka kwa ajili yangu, nikawa nasema moyoni, Mungu wangu, mtoto huyu amekubali kunipeleka. Tumekaribia soko la Uyole. Wimbo ukaisha, na kabla mwingine haujaanza, gari likawa kimya kidogo.

Katika kimya kile baba yako akasema, "Hapana. Siyo hivyo. Rudini mwanzo."

Ilikuwa sauti yake, si inayofanana. Ile sauti ya kukohoa kidogo kabla ya hapana.

Wimbo uliofuata ukaanza. Shangazi Sekela akapiga kelele, "Kaka!" Wewe ukapeleka gari pembeni, ukasimama kwenye matope, ukageuka. Uso wako sitausahau.

"Mama, Baba anasema hapana."

Nami nikajibu nini? Nilicheka. Nikasema, "Ni stesheni ya Iringa imeingilia."

"Redio hii haijawahi kushika hata Mbeya, Mama."

"Endesha, mwanangu. Watu wanasubiri."

Hayo ndiyo maneno yangu. Ulikuwa umemsikia baba yako aliyekufa, na mimi nikakuambia watu wanasubiri. Ukaendesha. Hukulia. Ulisimamisha gari mbele ya ukumbi, ukanifungulia mlango, ukanishika kiwiko nisichafue gauni, ukanikabidhi kwa wapiga vigelegele, ukaenda kukaa nyuma kabisa karibu na masufuria. Nilikuona. Nilikata keki nikikuona.

Shangazi yako alimaliza kazi iliyobaki. Kufikia Jumatatu mtaa mzima wa Ilomba ulijua marehemu amekataa. Mteja mmoja alichukua kitambaa chake nikiwa sijakishona, akasema atarudi, mpaka leo. Na wewe ukaanza kulia chakula chumbani.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Kalinga nilimwambia jana tu. Mimi pia niliamini. Mdomo wangu unasema stesheni ya Iringa, na moyo unasema ni yeye, amekuja, amekasirika. Nampima mteja shingo, nasikia hapana, siyo hivyo. Nafungua tepu upya, napima tena. Kalinga akinishika bega, naangalia mlango kwanza. Hebu fikiria bibi harusi wa namna hiyo. Usiku wa mapenzi yangu umejaa mtu wa tatu, na huyo wa tatu nilimpenda vilevile. Siku moja nilipakua sahani nne. Yako ulikuwa umeichukua chumbani, ya Kalinga, yangu, na moja. Kalinga akaiona. Akala ya kwake, halafu akavuta ile nayo akaila yote, akasema, "Mama Tuse, leo umeniweza." Tumbo lilimuuma mpaka asubuhi. Mwanamume anayekula woga wako ili usiuone mezani, mwanangu, ukimpata mshike.

Juma lililopita, wewe ukiwa mjini, Kalinga kibandani, nikaingia kwenye gari peke yangu, mchana, vioo vimefunga ukungu. Nikachomoa simu. Nikaiacha kaseti iseme yenyewe tangu mwanzo.

Ile hewa ilikuwa mvua. Mvua kwenye bati la shule, baba yako amewasha kurekodi kabla watu hawajafika. Inanyesha muda mrefu. Sisi tulisikiliza kidogo tu tukasema tupu. Halafu viti vinaburuzwa, watu wanakohoa, na yeye anasema, "Haya, besi peke yao." Ni mazoezi ya kwaya, Tuse. Anafundisha besi, wale wazee wetu watatu wa sauti nene ambao hawakuwahi kuingia kwa wakati. Wanaimba, wanakosea. "Hapana. Siyo hivyo. Rudini mwanzo." Anasema hivyo mara nyingi mpaka unawahurumia. Mmoja anamwambia, "Mwalimu, mwanzo tumeuchoka," na wote wanacheka, naye anacheka.

Na kuna mtoto. Sauti nyembamba, karibu kabisa na redio ya kurekodia: "Baba, njaa."

"Ngoja, Tuse. Hapana, siyo hivyo. Rudini mwanzo."

Ni wewe. Nadhani ulikuwa umekaa miguuni pake, kwa sababu kila baada ya muda kuna kitu kinagonga kiti, tk, tk, tk, na ulikuwa na tabia hiyo ya kisigino. Unasema hutaki gari lenye mtu ndani. Mtu mwenyewe ni wewe, una njaa, unagonga kiti.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo halina maana. Nilianza kujitafuta. Nikasikiliza kaseti nzima nikiwinda jina langu. Nilikuwa mke wake, nilifua kanzu za kwaya ile zote, lazima nimo. Upande wa kwanza simo. Upande wa pili, karibu na mwisho, mlango unalia, na mtu anasema, "Mwalimu, mama Tuse yuko nje."

Baba yako anasema, "Mwambie nakuja."

Basi. Wanaimba tena wimbo mzima, halafu tena. Halafu kaseti inajigeuza. Hakutoka. Nilibaki ndani ya gari nikisikiliza kama atatoka, na mvua ikaanza upya, ile mvua ya mwanzo.

Naikumbuka siku hiyo, au siku kama hiyo, kwa sababu zilikuwa nyingi. Mimi nje chini ya upenu, mwavuli mkononi, sweta lako kwapani, maji yananirukia miguuni. Ndani kuna taa na kuimba. Hakuna aliyenikataza kuingia. Baba yako hakuwa mbaya; ningeingia angenivutia kiti. Nilikuwa nasimama nje kwa sababu nilidhani kungoja ndiko kupenda. Nilijivunia. Wanawake wengine wanaita waume zao kwa kelele, mimi nangoja. Kisha siku moja akaanguka uwanjani pale pale shuleni, na mimi sijawahi kuingia hata mara moja kusikia besi. Nimewasikia juma lililopita. Ni wazuri, Tuse. Mwishoni wanaingia kwa wakati.

Shangazi yako anataka maneno yale yawe laana. Nilipomsikilizisha Kalinga, naye kwa kunihurumia alitaka yawe baraka. Akasema, "Pengine alikuwa anatuambia turudi mwanzo, tuanze upya." Nikamwambia, acha, mume wangu. Alikuwa anawaambia besi. Hakuniambia mimi hapana, na hakuniambia ndiyo. Hakuwa anajua kwamba nitakuwepo kwenye gari lile nimevaa shela. Tulikuwa tunasikia maneno ya watu wengine kupitia ukutani.

Sitakudanganya kwamba baada ya kujua nimepona. Hapana yake imeondoka. Iliyobaki ni ile nyingine. Mvua ikigonga bati, kama sasa hivi ninavyoandika, nasikia mwambie nakuja, na mguu wangu unasogea chini ya cherehani kama wa mtu anayetaka kuinuka. Hiyo nadhani nitazeeka nayo. Kalinga anajua. Nilimwambia jana, akasema, "Basi tutakuwa tunainuka wote."

Leo mchana, ulipotoka tu, nilimwambia afungue redio tena. Akatoa koleo lake, akanitazama. "Nikate?"

"Hapana," nikasema. "Nakata mimi."

Nikaleta mkasi wangu wa kitambaa. Ndiyo, ule. Ule ulionifanya nikuchape ukiwa darasa la pili kwa kuukatia karatasi, ukalia, nikakuambia mkasi huu hukata nguo tu mpaka nife. Nimeukatia waya wa baba yako. Umepata pengo dogo karibu na ncha, sasa unakwaruza nikifika hapo, na sare zote za muhula ujao zitakuwa na kakwaruzo. Miaka yote hii mkate wangu unatokana na kukata, na bado niliogopa kukata sentimita moja ya shaba. Kitambaa kisichokatwa hakishonwi. Wateja wa makoti marefu nimewaambia hivyo mara ngapi? Kalinga alishika tochi. Alinimulikia mpaka waya ukaachia.

Akaweka tundu jipya alilong'oa kwenye redio ndogo mbovu, ya aina ile aliyokuwa nayo bibi yako kule Tukuyu. Unakumbuka ukichomeka hedifoni kwenye redio ya bibi, spika inanyamaza, na ukizichomoa inarudi? Ni hivyo hivyo. Tundu liko chini ya dashibodi, upande wako wa kushoto. Ukichomeka simu, unasikia nyimbo zako tu, hakuna mtu mwingine chini yake. Ukichomoa, kaseti inasema. Nimejaribu mwenyewe, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Lakini kuna jambo Kalinga alinieleza, nami nakueleza ili usishtuke njiani. Ukichomeka simu, kaseti hainyamazi ndani. Inaendelea kuzunguka, wewe tu ndiye huisikii. Kwa hiyo ukija kuchomoa, hutamkuta baba yako pale ulipomwacha. Pengine ulimwacha kwenye mvua, utamkuta anacheka na wazee. Pengine ulimwacha anacheka, utakuta upande umegeuka. Na kila mzunguko unailamba kaseti kidogo. Sauti yake tayari imeanza kuvuta. Nimeinakili kwenye simu yangu, nikakutumia. Naona hujaifungua. Usiifungue kwenye basi.

Na mimi ndivyo nilivyo, mwanangu. Ukirudi Ilomba hutanikuta pale uliponiacha. Utanikuta nimenenepa kidogo, nimepaka rangi ukuta ule, nacheka na mtu jikoni. Usidhani nimekuhama. Nilikuwa nazunguka, hukuwa unanisikia tu.

Ufunguo nimeuweka juu ya barua hii. Tiketi ya basi iko ulikoiweka, sijaigusa. Huko Ipogolo watakusalimu kamwene, itikia kwa furaha, ni watu wema. Mmoja wao nimemchukua.

Mchana kesho Kalinga atakupigia, si mimi. Mimi nitakuwa siwezi kusema. Atataka kujua umefika, basi, hatakusumbua. Kama bado hutaki kuongea naye, usiongee. Mpe tu ujumbe wa kuniletea. Siku hizi naweza kuingia ndani nikakuita, lakini kwako nitasimama tena chini ya upenu, mara hii moja, na mwavuli. Kwa hiyo akikuuliza, "Nimwambie nini mama yako?" mwambie maneno yale ya baba yako, ila wewe uyatimize:

Mwambie nakuja.

Mama yako